Vitabu Tisa na Mgeni Mmoja

1

Mgeni wa mwisho kusema kwamba atarudi Mizingo alikuwa kijana wa Mafinga. Alisema kwa moyo wake wote na mashine ikathibitisha. Wiki iliyofuata akaoa, na hakuonekana tena. Hiyo ilikuwa siku mia tatu sitini na nne zilizopita, na Mzee Gaudensi Luvanda alikuwa amezichora zote kwa chaki nyuma ya mlango wa ukumbi.

Leo ilikuwa siku ya mwisho. Sheria ya Dunia Zenye Wenyeji haikuwa na maneno mengi. Ilisema kwamba dunia iliyotengenezwa na watu, ikiwa ndani yake wamezaliwa wenyeji wanaofikiri na kukumbuka, haifutwi. Lakini ikimaliza mwaka mzima bila mgeni mpya hata mmoja kukaa humo dakika tisini na kuahidi kurudi, dunia hiyo inalazwa usingizi na umeme wake wanapewa wengine. Sheria ilisema inalazwa "kwa muda". Mzee Gaudensi hakuwahi kusikia dunia iliyoamshwa.

Mizingo ilianza kama gemu ya kawaida miaka arobaini na mitatu nyuma, hapa hapa Iringa, katika ukumbi huu huu wenye viti kumi na vinne. Mtu alivaa kofia, akalala kitini, akajikuta nahodha wa chombo kati ya sayari, akapigana na jirani yake mpaka saa ya chakula. Wenyeji walizalishwa na mashine ili manahodha wapate watu wa kuwachemshia chai na kuwapigia saluti. Hakuna aliyewapangia mengine. Walikua, wakaoana, wakagombana na wakwe, wakapata magonjwa ya magoti. Sasa walikuwa elfu kumi na mbili.

Mmoja wao, Sembuli, mpishi wa Kituo cha Barafu, alikuwa rafiki wa Mzee Gaudensi tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Kila mzee alipotua kituoni, Sembuli alimuuliza neno moja tu: "Umekula?" Tangu mke wa Mzee Gaudensi afariki, hakuna mtu mwingine aliyemuuliza hivyo. Na leo saa kumi na mbili jioni, Sembuli angelazwa pamoja na wenzake, mwiko mkononi.

Si kwamba wageni hawakuja. Walikuja, wakakutana na Darasa.

Darasa lilikuwa wazo la Mzee Gaudensi mwenyewe. Maisha yake ya kazi alikuwa fundi wa pampu za maji, na pampu zilimfundisha kwamba asiyejua maji yanatoka wapi hana haki ya kufungua bomba. Kwa hiyo aliandika historia yote ya Mizingo kwa mkono, kwa wino mweusi, vitabu tisa, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyepanda kiti bila kusomewa angalau vitatu. Mwaka huu walifika wageni ishirini na sita. Aliyevumilia kuliko wote alifika ukurasa wa themanini, kisha ikajulikana kwamba alikuwa amekuja kutengeneza taa na aliona aibu kukatiza.

Saa tatu asubuhi mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja mwenye umri wa Mzee Gaudensi, mfupi, amejifunga kitenge chenye picha za ndege kanga, mkono mmoja kiunoni.

"Hapa ndipo penye viti vya mgongo?" akauliza.

"Hapa ni Mizingo," alisema Mzee Gaudensi.

"Sikukuuliza jina, nimeuliza viti. Nimeambiwa kanisani kuna viti vinakanda mgongo."

Fundi Atuganile, mwanamke wa Tukuyu aliyehudumia mashine, akatoa kichwa nyuma ya mitambo. "Vipo, bibi. Shikamoo. Karibu sana." Alisema karibu kwa sauti ya mtu aliyeona mvua baada ya kiangazi.

"Marahaba. Mimi ni Skolastika Gama, wa Peramiho."

"Mngoni," alisema Mzee Gaudensi, na uso wake ukafunguka.

"Ndiyo. Na wewe kwa sura hiyo ni Mhehe. Ningejua, nisingekuja na mbwa wangu. Nimemfunga hapo nje. Naomba nikitoka nimkute na miguu yote minne."

"Mbwa wa Mngoni ana nyama gani? Huyo mmemlisha mikia ya panya mliyobakiza."

"Mikia tunawapelekea nyie. Zawadi."

"Ndiyo maana kwenu hamna paka. Waliona tabia zenu, wakahama."

Wakacheka, wakashikana mikono na kutikisana mpaka bangili za Bibi Skolastika zikalia. Hawakuwa wamewahi kuonana, lakini Mhehe na Mngoni ni watani wa jadi. Kisha Mzee Gaudensi akakumbuka wadhifa wake, akarekebisha tai, akafungua kitabu cha kwanza.

"Katika Zama ya Kwanza," alianza, "kabla Mizingo haijawa na mizingo, palikuwa na Nukta."

Bibi Skolastika akakaa, akaweka mikono mapajani, akasikiliza kwa adabu. Alikuwa na kasoro moja tu kama mwanafunzi: aliuliza maswali yasiyokuwemo. Mzee aliposoma kwamba Admirali wa Pili aliuawa katika Mapigano ya Pete, aliuliza nani alimzika. Aliposoma juu ya Mkataba wa Setelaiti Nne, aliuliza huyo aliyetia saini alikuwa na watoto wangapi.

"Haikuandikwa," alisema Mzee Gaudensi.

"Vitabu tisa na haikuandikwa?"

Kufika saa tisa alasiri walikuwa wamemaliza Zama ya Pili, na Bibi Skolastika alikuwa amelala usingizi, kidevu kifuani, akikoroma taratibu. Mzee Gaudensi alisoma kurasa saba zaidi kabla ya kugundua. Atuganile akaja akasimama mbele yake.

"Mzee, ni saa kumi kasorobo. Dakika tisini za kukaa ndani, na kofia inachukua muda kuzoea kichwa kipya. Mpandishe."

"Hajui kitu. Hajafika hata Vita vya Siku Thelathini. Leo kuna mazishi kituoni, Wavuna Jua watakuja. Unajua maana yake?"

Atuganile alijua, kwa sababu alikuwa ameambiwa mara nyingi. Katika Vita vya Siku Thelathini, watu wa Kituo cha Barafu na Wavuna Jua walichinjana karibu wamalizike. Walipopatana walibaki na jambo moja la hatari. Kila palipokuwa na mazishi upande mmoja, upande wa pili ulikuja kutukana. Kitabu cha sita, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, kiliagiza kwamba tusi la mazishini lisijibiwe kwa neno lolote, maana atakayejibu atafungua vita upya. Kwa miaka ishirini na miwili Mzee Gaudensi na wenzake walisimama kimya mbele ya matusi, mikono vifuani, na kila mara Wavuna Jua walirudi nyuma. Kitabu kiliuita ukimya huo "ngao yetu".

"Basi lipo bandiko," alisema Atuganile polepole.

Bandiko lilikuwa ndani ya mfuko wa shati la mzee, kwenye bahasha. Lilikuwa dogo kama ukucha. Likibandikwa nyuma ya sikio, linamwaga kumbukumbu ndani ya ubongo kama maziwa ndani ya chai, na baada ya dakika tano hakuna awezaye kuzitenga. Kumbukumbu zenyewe zilichotwa kichwani mwa Mzee Gaudensi kwa wiki tatu: miaka yote arobaini na mitatu, vita vyote, chai zote za Sembuli. Atakayebandikwa ataamka akijua kila kitu. Zaidi ya kujua, atakumbuka kwamba anapapenda. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kubandikwa.

"Ni watu elfu kumi na mbili, mzee," alisema Atuganile.

"Idadi yao naijua. Mimi ndiye niliyewaandika."

Alitoa bandiko. Akainama. Nyuma ya sikio la Bibi Skolastika palikuwa na mvi fupi na kovu dogo la zamani, na Mzee Gaudensi akajikuta anajiuliza lile kovu alilipataje. Alijua makovu yote ya Mizingo. Hili hakulijua. Vidole vyake vikasimama, upana wa jani la chai kutoka kwenye ngozi.

"Ukinibandika hicho kitu nitakung'ata," alisema Bibi Skolastika, macho yamefumbwa. "Na meno ni yangu, siyo ya hospitali."

Mzee Gaudensi akaruka nyuma. "Nilikuwa sijaamua."

"Mkono ulikuwa umeamua. Ni nini?"

Akamweleza. Alimweleza yote, sheria, saa kumi na mbili, mpaka Sembuli na swali lake, maana alikuwa amefumaniwa na mtu aliyefumaniwa hana pa kuficha kitu. Bibi Skolastika akamtazama.

"Kwa hiyo nikibandikwa nitampenda huyo mpishi."

"Sana."

"Na nitasema nitarudi."

"Bila shaka yoyote."

"Sasa hapo anayerudi ni nani? Mimi, au ni wewe unakuja kwa magoti yangu?"

Mzee Gaudensi alilitazama bandiko kidoleni. Alifikiri juu ya Sembuli. Alifikiri pia kwamba Sembuli angemuuliza mgeni kama amekula, na mgeni angejibu kwa mdomo wake huku furaha ni ya mtu mwingine, na mpishi mzuri angelionja hilo mara moja. Mezani palikuwa na glasi ya chai iliyopoa. Akalitumbukiza bandiko humo. Kama chai ingekuwa na ubongo, ile ingekuwa imeijua Mizingo kuliko mtu yeyote Iringa nzima.

"Samahani, dada," alisema. "Nenda nyumbani. Nimekupotezea siku."

"Niende na mgongo wenyewe? Mimi nilikuja kukandwa."

"Kiti hakikandi mpaka kofia iwashwe," alisema Atuganile haraka, na ulikuwa ukweli mtupu.

"Dakika ngapi?"

"Tisini."

"Ndizo hizo mgongo wangu unazotaka. Leteni kofia."

Mzee Gaudensi alimfungia mkanda wa kidevu mwenyewe. "Nisikilize jambo moja tu. Ukiwaona watu wa mavazi mekundu, wakitukana, usijibu. Nyamaza kabisa."

"Kwa nini?"

"Ni historia ndefu."

"Basi iache," alisema Bibi Skolastika, akajinyoosha. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

2

Kituo cha Barafu kilikuwa pete kubwa inayozunguka taratibu kando ya sayari nyeupe, na ndani yake mlikuwa na harufu ya vitunguu. Walitua jikoni, maana Mzee Gaudensi alitua jikoni siku zote. Wachezaji wenzake wanane, waliolala kwenye viti vya nyuma ya ukumbi, walikuwa wameshafika, wazee watupu, wamevaa sare za nishani. Bibi Skolastika alikuja na kitenge chake cha kanga. Kofia ilinakili nguo alizokuja nazo.

Sembuli alikuwa amesimama jikoni bila kupika chochote, kitambaa cheusi mkononi.

"Umekula?" alimuuliza Mzee Gaudensi, kwa sauti ndogo.

"Nimekula, ndugu yangu."

"Na huyu amekula?"

"Sijala," alisema Bibi Skolastika. "Huyu mwenzako tangu asubuhi ananilisha zama."

Sembuli akamkatia kiazi kilichochomwa, akampa na chumvi. Alikula amesimama. Alipomaliza kipande cha kwanza alifuta vidole na kumshika mwenyeji wake mkono.

"Pole kwa msiba. Marehemu ni nani wako?"

"Kaka yangu mkubwa. Okutu."

"Aliugua?"

"Alipanda kutengeneza antena. Nilimwambia asubiri vijana. Alisema vijana wanafunga nati kama wanafunga zawadi." Sembuli akakikunja kitambaa cheusi. "Aliteleza."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa hapa. Nilikuwa namkaangia."

Mzee Gaudensi alisikiliza, na sikio lake likapata moto. Jemadari Okutu alikuwa na sura nne nzima katika kitabu cha saba. Mzee alijua vyombo alivyoviongoza, tarehe, mizinga mingapi kila upande. Alikuwa amepokea taarifa ya kifo siku tatu zilizopita na kuandika mstari mmoja. Hakuuliza alikufaje.

Walitoka wote kwenda kwenye Lango. Jeneza la Okutu lilikuwa bomba refu la fedha, limewekwa kwenye reli, tayari kurushwa angani kama desturi ya kituo. Nyuma ya kioo, chombo cha Wavuna Jua kilikuwa kimeegeshwa, chekundu, mizinga yake kumi na miwili imeelekezwa kituoni.

Wavuna Jua wakaingia. Walikuwa kama thelathini. Mbele alitangulia kiongozi wao, Zimbaka, mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi. Alikuwa amevaa buti za marehemu Okutu, kubwa kuliko miguu yake, na alichechemea hasa kama Okutu alivyochechemea.

"Ndiye huyu?" alisema Zimbaka, akaligonga jeneza. "Mbona refu hivi? Au tumbo limewekwa kwenye chumba chake?"

Kimya. Wazee tisa waliweka mikono vifuani.

"Nasikia alianguka kutoka kwenye antena. Antena iko salama? Mimi naililia antena." Akavua buti moja, akainusa, akajifanya anazirai. Watu wake wakamdaka. Kisha akajilaza chali juu ya reli, mbele ya jeneza, mikono kichwani. "Hapiti mtu hapa. Mlafi huyu hajaaga."

Mzee Gaudensi alitazama mbele bila kupepesa. Hii ndiyo ngao. Aliwahi kuifundisha kwa michoro. Alimwona Zimbaka akiinua kichwa kutoka kwenye reli, akiwatazama wazee mmoja mmoja, akisubiri. Alimwona akisubiri zaidi. Kisha, kama kwenye mazishi yote ya miaka ishirini na miwili, uso wake ukaanguka. Akaanza kuinuka taratibu, akijipangusa. Watu wake waliangalia chini. Kitabu cha sita kilisema: wakarudi nyuma kwa hofu.

"We mama," ilisema sauti. "Hizo buti zimekupwaya, au ndivyo ulivyoumbwa?"

Mzee Gaudensi akageuka. Bibi Skolastika alikuwa amejitokeza mbele, kipande cha kiazi bado mkononi.

"Nani amesema?" aliuliza Zimbaka.

"Mimi. Umelala hapo kama gunia lililosahauliwa sokoni. Ondoka, maiti apite. Au ingia humo mwende wote. Si umesema ana tumbo? Mto unao."

"Bibi," alinong'ona Mzee Gaudensi, "kitabu cha sita."

"Kiweke chini ya mguu wa meza. Huyu analala njiani na mimi ninyamaze?" Akamgeukia tena Zimbaka. "Na kama ni ulafi, tuambiane. Marehemu alikula vyake. Nyie mmekuja thelathini kwa msiba wa mtu mmoja, na nimewaona mnavyonusa kuelekea jikoni."

Midomo ya Zimbaka ikaanza kutetemeka. Nyuma ya kioo, mizinga kumi na miwili ya chombo chekundu ikasogea, ikalenga Lango. Mzee Gaudensi alifumba macho. Aliwaza kwamba angalau hawatasubiri saa kumi na mbili.

Akasikia kicheko.

Zimbaka alikuwa amekaa juu ya reli, anacheka mpaka machozi yanamchuruzika, na yalipoanza kumchuruzika hakuweza kuyasimamisha, akawa anacheka na kulia pamoja. "Amejibu," aliwaambia watu wake. "Mmesikia? Amejibu."

Mizinga ikafyatuka. Matundu ya hewa ya Lango yakafunguka, na wingu jeupe likawamwagikia wote, wazee na nishani zao, jeneza, Sembuli, kila mtu. Mzee Gaudensi alilamba mdomo. Ulikuwa unga. Ulikuwa unga uliovunda vibaya sana.

"Mtusamehe harufu," alisema kijana mmoja wa Wavuna Jua. "Tuliupakia zamani. Miaka yote haukupata nafasi."

Hapo mazishi yakawa mazishi. Zimbaka alilala tena relini na kusema hapiti maiti bila kitu. Bibi Skolastika alisema atampa teke. Zimbaka alisema teke halivaliki. Wakabishana mpaka kituo kizima kikajaa, watoto wakapanda mabegani mwa watu waone. Mwishowe Bibi Skolastika alifungua kitenge chake cha kanga, akabaki na gauni, akamtupia usoni.

"Hicho nakuachia rehani. Usikisugulie chungu."

"Utakuja kukikomboa?"

"Nitakuja na bakora."

Zimbaka akaondoka relini. Akavua buti za Okutu, akazipanga miguuni pa jeneza kwa uangalifu, sawasawa, kama mtu anayemwandalia mumewe asubuhi. Kisha yeye mwenyewe akavuta mshikio, na Okutu akaenda zake kati ya nyota.

Mzee Gaudensi alimkuta Sembuli jikoni, mweupe kwa unga, anawakaangia watu vitunguu kwa kasi.

"Sembuli. Ni utani."

"Ndiyo."

"Miaka yote ni utani."

"Ulidhani nini?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Sembuli akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Nikuambie wewe? Sisi tumejifunza kwenu. Wazee wetu walitusimulia manahodha wa mwanzo: mstari wa mbele Wahehe, mstari wa nyuma Wangoni, wanatukanana kutwa nzima kupitia redio, na mmoja akifiwa, waliokuwa wanamtukana ndio wa kwanza kufika. Tukasema, kumbe huu ndio ustaarabu. Baada ya vita tukaanza na Wavuna Jua. Kisha ukaja na kitabu, mkasimama kama nguzo. Tukasema, wageni wamechukia. Tukaona aibu. Na Zimbaka kila mara alisema, leo labda watajibu."

Mzee Gaudensi akakaa juu ya ndoo. Alikumbuka siku ya kumzika baba yake, kule Kilolo. Mngoni mmoja aliyeitwa Tawete alivaa kofia ya marehemu, akaingia kaburini, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Gaudensi mwenyewe, mtoto wa marehemu, alicheka siku ile kwa mara ya kwanza tangu msiba. Na leo asubuhi tu alikuwa amemwambia mwanamke asiyemjua kwamba anakula panya, wakapeana mikono. Yote hayo alikuwa nayo. Kisha alivaa kofia akafungua kitabu.

"Umekula?" aliuliza Sembuli.

"Hapana," alisema Mzee Gaudensi. "Kusema kweli, sijala."

3

Kofia zilivuliwa saa kumi na moja na dakika hamsini na nne. Bibi Skolastika alikaa kitini akipepesa macho. Mashine ikasema kwa sauti yake isiyo na haraka: "Mgeni Skolastika Gama, umekaa dakika tisini na nne. Utarudi?"

Mashine haikusikiliza mdomo peke yake. Ilisoma mapigo ya moyo, jasho la viganja na mahali macho yalipoelekea. Mwaka wa nyuma mtu mmoja alisema "ndiyo" kwa kumwonea huruma Mzee Gaudensi, na taa ikawaka nyekundu palepale.

Bibi Skolastika alikuwa anapapasa kiuno.

"Kitenge changu kiko wapi?"

"Umekivaa, bibi," alisema Atuganile, jicho kwenye saa.

Akakishika, akakitazama kwa mashaka. "Hiki ni hiki. Kile yuko nacho yule mwanamke."

"Kile ni nakala. Kofia inapiga picha ya nguo, halafu inaijenga upya kule kwa..."

"Mwanangu, usinifundishe kitenge. Nimekivua kwa mikono yangu, nimemrushia, amekishika."

"Utarudi?" ilisema mashine.

Zilibaki dakika nne. Mzee Gaudensi alikuwa na maneno mengi kooni, vitabu tisa vya maneno. Aliyameza yote. Akasimama na mikono yake ikining'inia.

"Mgongo umepata nafuu?" ndilo alilosema.

"Mgongo uko vilevile. Kiti chenu ni cha ovyo." Bibi Skolastika akageukia sauti ilikotoka. "Unauliza kama nitarudi? Nimwachie yule mwenye miguu ya kuazima kitenge changu? Ananisubiri pale anacheka. Nitarudi, na bakora ninayo nyumbani."

Taa ikawa ya njano. Ikakaa njano muda wa kutosha Atuganile kushika mkono wa mtu aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa mmoja wa wazee wa viti vya nyuma na hakuwa ameombwa. Kisha ikawa kijani.

Hakuna aliyepiga kelele. Atuganile alichukua kitambaa chenye maji, akaenda nyuma ya mlango, akaanza kufuta chaki, na alichukua muda mrefu kuliko chaki ilivyohitaji. Wazee wanane walianza kubishana nani aliyekuwa na unga mwingi zaidi, ingawa hapa Iringa hakuna aliyekuwa nao hata chembe. Mzee Gaudensi alikwenda nje, akarudi.

"Mbwa wako yupo," alisema. "Nimempima tu. Kwa Jumapili anatosha."

"Nilijua kazi ya kwanza itakuwa hiyo."

Bibi Skolastika akanyoosha mkono kuchukua glasi ya chai iliyokuwa mezani. Mzee Gaudensi aliiwahi, akaimwaga dirishani juu ya maua, akamchemshia nyingine. Bibi Skolastika alikunywa nusu, akaweka glasi.

"Sasa niambie. Huyo Okutu alikuwa mtu wa namna gani? Nimemzika na simjui."

Mkono wa Mzee Gaudensi ukaenda wenyewe kwenye kitabu cha kwanza. Akakifungua. "Katika Zama ya Kwanza," alisoma, "kabla Mizingo haijawa..."

Alikitazama kile kitabu, mwandiko wake mzuri, mistari iliyonyooka. Alikuwa mwandishi mzuri, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Akakifunga, akakisukuma pembeni, chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, na meza ikaacha kuyumba.

"Alikuwa mlafi," alisema.

"Nilijua tu."

"Lakini mlafi wa kificho. Harusi ya Sembuli, mimi nilikuwepo, keki ilipotea usiku wa kuamkia siku yenyewe. Yote. Ghorofa tatu. Kituo kizima kilifungwa, kila chombo kilipekuliwa. Na Okutu, jemadari mzima, ndiye aliyeongoza upekuzi, kifua mbele, na huku sukari iko kwenye masharubu."

Bibi Skolastika akasogeza kiti karibu.

"Halafu?" akauliza.

Katika miaka ishirini na miwili ya Darasa, lilikuwa swali la kwanza la aina hiyo. Mzee Gaudensi alilegeza tai.